Kifungo cha Chini

Mama Dobi alikuwa amepiga pasi makoti ya wanaume miaka nenda miaka rudi, lakini hakuwahi kumvalisha mtu hata moja. Kwake koti lilikuwa kitu cha kuning'inia kwenye waya, mabega yamenyooka, mikono imetulia, halina tumbo wala shingo. Mtu kuingia ndani yake, hayo yalikuwa mambo ya wenyewe huko majumbani kwao.

Ndiyo maana kitinda mimba wake alipoingia chumba cha kufulia na rafiki zake wawili, Bonge na Msumari, akasema, "Mama, tufundishe kuvaa suti," pasi nusura imponyoke.

Mahafali yalikuwa Jumamosi, na mwanawe ndiye aliyechaguliwa kusoma risala ya wahitimu. Mama Dobi hakuwa amesahau sherehe ya mwaka uliopita, mtoto alipopanda jukwaani na suruali ambayo mama mwenyewe aliipunguza kwa mkono wake, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Siku ile mtoto alirudi, akala, akalala. Afadhali angelalamika. Akichekwa tena, mama aliwaza, huyu hatasimama mbele za watu maisha yake yote.

Akawapanga mstari karibu na meza ya pasi.

"Kwanza, shati liwe safi."

"Hilo tunajua, mama."

"Pili, lipigwe pasi."

"Na tatu?" akauliza Bonge.

Tatu hakuijua. Akampigia simu mdogo wake, dereva wa mkurugenzi, ambaye kila siku aliona suti ikipanda na kushuka garini.

"Dada, la muhimu ni moja," alisema mjomba. "Kifungo cha chini hakifungwi. Bosi wangu hafungi kabisa."

"Sasa kimewekwa cha nini?"

"Kimewekwa tu."

"Fundi akae atoboe tundu, ashone kifungo, halafu kisifungwe? Wewe, umekunywa?"

Mchana akapita jirani yao, mwalimu mstaafu. Alipoulizwa, alikunja uso. "Vyote vifungwe! Nani kawaambia kuna kifungo cha mapambo?" Jioni akaja mwanasheria kuchukua nguo zake, akasema kwa haraka, mguu mmoja nje, kwamba mtu akisimama afunge, akikaa afungue.

"Na akichuchumaa?" Msumari alinong'ona, wenzake wakajiziba midomo.

Mama Dobi hakucheka. Akilini alimwona mwanawe jukwaani akifunga na kufungua, akifunga na kufungua, kama mtu aliyeingiwa na siafu.

Tai ndiyo iliyommaliza nguvu. Wateja walimletea tai zikiwa na mafundo yao tayari, na yeye alizipitishia pasi kwa chini tu, hakuwahi kufungua fundo la mtu. Wavulana wakajifundisha kwa simu ya Msumari. Tai ile ile, kwa Bonge iliishia juu ya kitovu, kwa Msumari ikafika kwenye zipu.

"Ipi ni sawa, mama?"

"Zote," alisema, kisha akaziangalia tena. "Labda hakuna."

Asubuhi ya Jumamosi mwanawe alisimama mlangoni amevaa. "Nifuate ya nani?"

"Ya mjomba. Ngoja. Funga. Hapana, fungua cha chini. Mwalimu lakini atakuwepo..."

Mtoto alimtazama kama msafiri anayeelekezwa njia na mgeni. "Basi, mama. Tutachelewa."

Ukumbini Mama Dobi alikaa safu ya nne. Jina la mwanawe likaitwa. Mtoto akapanda, akafungua karatasi, akaanza kusoma. Mama hakumwangalia usoni. Aliangalia kola, imelala. Tai, imepinda kidogo, au ni yeye aliyekaa upande? Kifungo cha juu kimefungwa. Cha chini hakuweza kukiona, meza ilikizuia. Alinyanyuka kidogo kwenye kiti.

Ukumbi ukaangua kicheko.

Akamkagua upya, kola, mabega, mikono. Hakuona kosa. Watu wakacheka tena, wengine wakapiga meza, na mkuu wa shule akafuta macho kwa leso. Jukwaani mtoto alikuwa anatabasamu, akingoja watulie.

"Wanacheka nini?" Mama Dobi akamuuliza mwanamke wa pembeni yake.

"Si hayo anayosema! Huyo ni wa kwako? Ana mdomo huyo."

Makofi yakapigwa muda mrefu. Nje, katikati ya msongamano wa wazazi, mwanawe alimjia anahema, koti tayari liko begani.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia."

"Umependa wapi?"

Mama Dobi alimtazama, akatafuta kichwani, hakupata neno hata moja la risala ile.

"Pale walipocheka," alisema.

"Walicheka mara tatu, mama. Wapi?"

Akanyoosha mkono kurekebisha kola yake, ambayo haikuwa na tatizo lolote.

"Nisomee tena tukifika nyumbani," akasema.