Mfuniko wa Chemba ya Kona

Mtaa mzima unamwita Mama Chemba, na wala hana mtoto wa jina hilo. Ni jina la kazi. Anazibua mabomba ya majitaka ya mji, na chemba ni yale mashimo ya barabarani yenye mifuniko ya chuma, ambamo mabomba ya nyumba hukutana. Ukimkuta ameinama juu ya shimo, buti za mpira hadi magotini na fito ndefu mkononi, usimsalimie kwanza. Mwache amalize kutukana.

Maana jamani, vitu anavyovitoa mle! Nepi. Matambara. Siku moja suruali nzima na mkanda wake. Hebu niambie, suruali inaishiaje chooni? Na mji nao haukomi kukua. Bomba lililolazwa wakati mtaa una nyumba chache, leo limebebeshwa maghorofa, na kila ghorofa linashusha ya kwake. Yote yanateremka hadi kwenye mabwawa nje ya mji, uchafu utuame, vile vijidudu vinavyokula uchafu vifanye kazi yao, ndipo maji yaachiwe kwenda mtoni. Kazi nzuri kabisa, watu wangeiacha ifanyike.

Kinachompandisha presha kuliko suruali ni mvua. Mvua ina njia yake, mtaro. Majitaka yana njia yake, chemba. Mtoto wa chekechea anaelewa. Lakini wingu likifunga tu, kuna mtu anachomoka na nondo, anafunua chemba ya kona, na maji yote ya barabarani yanatumbukia humo na mchanga wake. Watu wanafurahi, barabara imekauka. Imekauka! Na huko chini je?

Huko chini anakaa dada yake, katika nyumba waliyoachiwa na mama yao. Bomba likishiba mvua, uchafu wa mtaa mzima unaibukia bafuni kwake. Msimu huu umefika mpaka sebuleni. "Mji mzima unazibua, kwangu unazibia," dada alimwambia, na tangu hapo hapokei simu yake. Kisha zikaja habari kwamba nyumba imepata mnunuzi, dada anahamia mbali. Mama Chemba alilia, halafu akajikasirikia kwa kulia. Wamebaki wawili tu, na sasa wanatenganishwa na maji ya choo!

Habari hizo aliletewa na shemeji yake, mume wa dada, kinyozi mwenye kibanda pale pale kona. "Shemeji, fanyeni kitu bwana," alimwambia kwa masikitiko makubwa. "Idara yenu ya majitaka imelala usingizi wa pono."

Mama Chemba akameza hasira. Amezibua, amehubiri, amegonga milango kuuliza nani anafunua ule mfuniko. Hakuna aliyeona. Mtaa unaojua nani kachelewa kurudi nyumbani na kwa nini, ghafla wote vipofu.

Ndipo siku moja ya mapumziko, wingu lilipofunga mchana, akaenda kujibanza kwenye baraza iliyotazamana na kona. Mvua ikashuka. Hakungoja sana. Mlango wa kinyozi ukafunguka, shemeji akatoka na nondo, taulo la mteja bado liko begani, akaenda moja kwa moja kwenye mfuniko.

"Shemeji!"

Mwanamume akaganda. "Aa, shemeji... naangalia tu kama umekaa vizuri."

"Kwa nondo?"

"Maji yanaingia kibandani, nina mteja. Nafunua kidogo tu."

"Kidogo! Hicho kidogo chako kinalala sebuleni kwako! Unakikanyaga ukirudi jioni!"

"Mimi nilijua yanaenda mabwawani," alisema, na kilichomchoma Mama Chemba ni kwamba alikuwa anasema kweli. Kwake shimo ni shimo, ukimwaga kitu humo kimekwenda zake. Misimu yote hii ameilaani Idara, akirudi nyumbani anashika fagio kumsaidia mkewe, na wala hajajiuliza.

Mama Chemba hakubishana tena. Alikwenda akaketi juu ya mfuniko, mvua inampiga, maji yanampanda kiunoni. Magari yakapiga honi. Mteja akatokea mlangoni, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado.

"Mama, ondoka, maji yanaingia huku!"

"Yaingie! Mtaro mmeujaza takataka nyinyi wenyewe!"

Shemeji akachuchumaa kando yake. "Basi usimwambie dada yako. Nakuomba."

Lakini dada alikuwa anapanda mteremko, mwavuli umepinduka kwa upepo. Alikuwa amesimama bafuni na ndoo yake akisubiri, na hakuna kilichoibuka. "Mdogo wangu!" aliita kutoka mbali. "Leo kukavu! Umefanya nini?"

Alipofika akamwona mdogo wake ndani ya maji, na mumewe na nondo. Yule mteja akadakia.

"Mwambieni atoke, kinyozi wangu afunue kama siku zote!"

"Siku zote?" dada akamuuliza mumewe.

Mumewe akaitazama nondo. Dada akafunga mwavuli, akakusanya gauni lake, akamgeukia mdogo wake.

"Sogea," akasema, na akaketi.