Sindano za Kichina Kariakoo: daktari kauliza "suan", mimi nikajibu bei

Wakuu, heshima kwenu. Hili limenikuta mwenyewe, sikuhadithiwa.

Kwa wasionijua: nimeishi Guangzhou, nikapata diploma ya Kichina cha biashara bila mjomba wala shangazi wa kunishika mkono. Leo nina duka la mapazia Kariakoo. Nayataja kwa sababu yanahusika.

Bega la kulia liliganda. Kutundika pazia siwezi, kuvaa shati siwezi. Mtu niliyejijenga mwenyewe, kila asubuhi mke wangu Salma ananivalisha kama mtoto wa chekechea.

Nikaenda kliniki moja ya sindano za Kichina, ghorofani. Daktari ni mama wa Kichina. Mkalimani wake akasogea, nikamwambia, "Kaka, pumzika. Leo umepata mwenyeji wa Kichina."

Sindano ni nyembamba kama unywele, hazina dawa ndani. Pakiti ifunguliwe mbele yako. La sivyo, ondoka. Zikiingia ni kama kung'atwa na sisimizi.

Daktari akazungusha moja taratibu. "Suan?"

Sokoni kule Guangzhou, suan ni kupiga hesabu. Nikamjibu kwa Kichina safi: bado, tutafanya mwishoni.

Akazungusha tena. "Suan?"

Bado, mama.

Bega likawa zito, likauma kwa ndani mpaka kwenye kidole gumba. Nikajikaza. Mchina ukimwonyesha una haraka, bei inapanda.

Mkalimani kicheko kimembana. "Bosi, hakuulizi hesabu. Anauliza kama msuli umeanza kuwa mzito na kuuma. Ukisema bado, anaendelea."

"Basi mwambie suan. Suan sana."

Daktari akaacha papo hapo.

Neno ni lilelile kwa sikio letu, kinachobadilika ni sauti kupanda au kushuka. Diploma yangu ni ya biashara, si ya mabega.

Nikaachwa nimelala na sindano zangu, nikasinzia. Kuamka, mkono ulifika usawa wa sikio. Kabla ya hapo uliishia kifuani.

Kwa anayekwenda mara ya kwanza: kula kwanza, vaa nguo pana, taja dawa unazotumia, na ukisikia uzito sema. Ushujaa hauna kazi pale. Bado narudi, bega halijapona lote.

Nyumbani nikamsimulia Salma, akaniuliza, "Kwa hiyo Kichina chote kile, baba?"

"Kichina kipo."

Asubuhi akaja na shati mkononi kama kawaida. Nikalipokea, nikavaa mwenyewe, polepole. Akabaki kuninyooshea kola.

Hiyo nilimwachia.

Aliyewahi kuchomwa za goti aseme hapa. Mama mkwe goti linamsumbua, anasubiri jibu langu, na ameshaambiwa mimi ni mtaalamu.