Kengele ya Bwera, Saa ya Kasindi

Mwalimu wetu wa hesabu darasa la saba, mtu wa Masaka, mbali na mpaka, siku moja alikuja na kesi ya kubuni. Kengele ya shule imeibwa. Washukiwa wawili: mpishi na mchuuzi. Atakayemnasa mwizi kwa hesabu anapata kiti moja iliyobaki kwenye gari ya kwenda mashindano Kasese. Mimi ni mtoto wa Bwera, Kasese nilikuwa naisikia kwenye redio tu. Hiyo kiti niliitaka sana.

Halafu akanifanya mimi ndiye mpishi! "Sura yako ni ya mtu wa kudokoa nyama," akasema.

Akaandika ubaoni: kengele ilisikika mara ya mwisho Bwera, huku kwetu Uganda, saa tatu kasorobo. Saa tatu kamili, shahidi akamwona mchuuzi sokoni Kasindi, upande wa Kongo, anatembea kwa miguu na gunia nzito. Umbali kilomita tano.

Darasa likapiga hesabu. Tano kwa robo saa, ni ishirini kwa saa. "Na kengele mgongoni? Huyo ni pikipiki!" Wakanigeukia. "Wewe mpishi, toa kengele!"

Mwalimu alishaanza kufungua bahasha yenye jibu. Nikapanda juu ya benchi.

"Afande mwalimu, ngoja! Hiyo saa tatu ni ya nani?"

"Saa tatu ni saa tatu. Kaa chini."

"Hiyo ni saa ya Kasindi, si ya hapa! Shangazi yangu anauza vitunguu kule, muulize!"

Mwalimu akamtazama msichana aliyehamia kwetu kutoka Beni, huko Kongo.

"Iko kweli, mwalimu," akasema. "Saa ya kwetu iko nyuma. Kule saa tatu, hapa iko saa nne."

Darasa zima likashika kichwa. Watoto wa mpakani sisi! Kila siku tunavuka, lakini jambo likiandikwa kwa chaki tunaliamini.

Nikanyakua chaki. Saa tatu kasorobo mpaka saa nne: saa moja na robo. Tano gawanya kwa tano juu ya nne. Nikakwama, nikafuta, nikageuza juu chini, ikatoka nne. Nne kwa saa! Hata bibi yangu anatembea hivyo.

"Na foleni ya mpaka je?" mwalimu akajitetea.

"Mwizi gani anapanga foleni, mwalimu? Anapita mtoni!"

Madawati yakapigwa kama ngoma. Mwalimu akachungulia bahasha yake, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Mpishi," akasema, "kesho asubuhi uwe getini. Na uoge."

Nilioga jioni ile, na asubuhi nikaoga tena.