Hofu ya Mwalimu wa Udereva

Shule ya udereva ilikuwa na walimu kadhaa, lakini waoga wote walipelekwa kwa mwanamke mmoja waliyemwita Barafu. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Mwanafunzi akiparamia ukingo wa barabara, yeye alikanyaga tu ile breki ya upande wa mwalimu, kisha akasema, "Tena," kama mtu anayeomba kuongezewa chai. Waliopita mikononi mwake walisema ukimtumbukiza mtoni na gari lake, atakuuliza kwanza kama umefunga mkanda.

Somo lake la kwanza lilikuwa fupi: hofu iachwe getini, ndani ya gari haina kiti. Hakuwa anatania. Ndivyo alivyolelewa. Yeye ndiye kifungua mimba, na baba yao alipofariki, shangazi alimvuta kando akamwonya asilie, maana mdogo wake anamtazama. Akajikaza kisabuni, na tangu hapo hakujilegeza.

Mdogo wake huyo alikua akawa dereva wa malori, na usukani alifundishwa na dada yake mwenyewe. Siku moja lori lilimkatikia breki kwenye mteremko nje ya mji. Hakupona.

Msiba ulisimamiwa na Barafu. Yeye ndiye aliyetafuta viti, aliyepokea wageni, aliyemshika mama yao mkono makaburini. Chozi halikumtoka. Waombolezaji walirudi makwao wakimsifu kwamba ana moyo wa chuma, naye sifa hizo akazibeba mpaka kazini, akaingia garini na kufundisha kama kawaida. Nyumbani, hata hivyo, alianza kufoka kwa sababu ya kijiko kilichoachwa mezani, na chakula kikawa hakipiti kooni. Akasema ni uchovu.

Wakati huo alikuwa na mwanafunzi mmoja, mama wa makamo, mshonaji wa sare za shule, mcheshi kweli ila mwoga kupindukia. Lori likitokea mbele, mshonaji huyo hufumba macho. Alipoulizwa kulikoni, alijitetea kwamba amefumba moja tu, la pili analitumia.

Asubuhi moja walishika barabara ya kutoka mjini. Lori likaja kwa mbele, kubwa, limejaa mchanga. Mshonaji akashika usukani vizuri, akapishana nalo macho yote mawili yakiwa wazi. Ndipo gari lao likasimama ghafla katikati ya njia. Mwalimu alikuwa amekanyaga breki.

"Mwalimu, nimekosea wapi?" mshonaji aliuliza.

Mguu wa Barafu ulikuwa umekakamaa juu ya breki, mikono imeloa jasho, na nyuma yao honi zilikuwa zimeanza. Mshonaji alimtazama usoni, akaelewa kwamba leo mwalimu ni yeye.

"Inua mguu, mwanangu, nikuweke pembeni," alisema taratibu.

Mguu ukainuka. Mshonaji, ambaye kuegesha kulikuwa kumemshinda wiki nzima, aliliegesha gari kando ya barabara na kuvuta breki ya mkono. Akauliza lori lile limemkumbusha nani. Barafu akasema ni mdogo wake, na neno hilo likatoka na kilio kilichomtikisa mabega. Akajaribu kuomba radhi.

"Lia," mshonaji alimwambia. "Mimi nipo, na gari nimelizima."

Hakumpa nasaha nyingine yoyote. Alikaa naye hadi kilio kikatulia chenyewe.

Jioni Barafu alikwenda kwa mama yake, akamkuta jikoni akichambua mchele. Alimweleza yote: kwamba anaogopa barabara, yeye anayelipwa kufundisha wengine, na kwamba zaidi ya hofu ana hasira na marehemu, aliyejua breki ni mbovu na bado akaondoka. Alitarajia kukemewa. Mama akaweka ungo chini.

"Hata mimi nina hasira naye," alisema. "Nampenda, na angeingia hapa sasa hivi ningemchapa. Nilikuwa nakungoja wewe. Ningeanza mimi kulia, ungenituliza tu, wewe usilie."

Kumbe kila mmoja alikuwa akijikaza kwa ajili ya mwenzake! Walilia pamoja, kisha wakacheka kwa kumkumbuka marehemu alivyokuwa na visingizio vya kila aina, kisha wakalia tena. Mchele ulichelewa kupikwa, ukaungua kidogo, na Barafu alikula sahani nzima.

Aliporudi kazini hofu haikuwa imekwisha. Alimwambia mkuu wa shule waziwazi kwamba barabara ile bado inamtia jasho, ila ataipita, akianza polepole. Na aliipita, siku nyingine vizuri, siku nyingine moyo ukimdunda mpaka masikioni. Alikoma kuwaambia wanafunzi waache hofu getini. Sasa huwauliza imekaa wapi. Mtu akisema magotini, humjibu kwamba goti linalotetemeka bado linaweza kukanyaga klachi, twende. Wanafaulu wengi kuliko zamani, na baadhi hulia hapohapo garini bila aibu, wakafuta uso, wakaweka gia.

Mshonaji alipata leseni yake kwa jaribio la pili na kuja kuitambia ofisi nzima.

Mwishowe mama aliomba apelekwe kwenye ule mteremko. Barafu hakumtafutia dereva mwingine. Aliendesha mwenyewe, akashuka kwa gia ya pili, akasimama mahali penyewe. Walitoka, wakasimama kwenye majani ya kando ya barabara, mama akilitaja jina la mwanawe kwa sauti ya chini. Machozi ya Barafu yalitiririka naye akayaacha yatiririke. Kisha wakarudi garini, wakafunga mikanda. Akatazama kioo, akawasha indiketa, akalisubiri lori lililokuwa likija lipite, akaingia barabarani.