Mrija Uliopaswa Kusimama Saa Nzima

Siku yangu ya kwanza katika zahanati ya binafsi kule Temeke nilikubali jambo ambalo leo natamani ningelikataa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Zahanati za watu binafsi zilikuwa zimeruhusiwa tena, nasi tuliotoka maabara za serikali tulikuwa tunagombewa. Mganga Mfawidhi alitazama saa yake, kisha mirija yangu ya damu.

"Hii inasimama mpaka lini?"

"Saa moja, Daktari."

"Saa moja! Mgonjwa anavuka barabara, anapimwa kwa jirani. Soma baada ya robo saa, zidisha mara nne."

Nikasema, "Sawa, Daktari."

Nyie wa mashine za siku hizi huenda hamkijui kipimo hicho. Tulikiita ESR. Damu ilichanganywa na dawa ya kuizuia isigande, ikasimamishwa katika mrija mwembamba wenye alama za milimita, nasi tukaangalia chembe nyekundu zimeshuka kiasi gani. Zikishuka sana, huenda mwilini kuna uvimbe unaowaka polepole, hata kama mwenyewe anatembea na kucheka. Lakini mwanzoni chembe hushuka kidogo tu. Kasi huja baadaye. Kuzidisha mara nne hakufidii mwendo huo. Nililijua hilo. Mkuu wa Maabara aliyenifundisha serikalini alikuwa akisema, "Ikishuka sana na hujui sababu, usimwache mtu aende. Atazamwe fizi, atazamwe vidonda, na wewe pima sukari kwenye mkojo. Vitu hivi hutembea pamoja."

Kaka yangu Salumu alikuwa seremala Keko. Fizi zake zilivimba na kutoka damu miaka nenda miaka rudi, naye alisukutua maji ya chumvi, basi. Kila baada ya miezi kadhaa alikuja kwangu kupima.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, kunguni. Leo unanyonya kiasi gani?"

"Kidogo tu."

"Nyonya, lakini useme ukweli. Shemeji yako anadai nachoka kama babu yake."

Nilisoma baada ya robo saa, nikazidisha, nikaandika jibu zuri. "Damu yako safi, kaka." Mkojo sikuupima; kwa jibu kama lile sikuona sababu. Tulikwenda hivyo miaka mitano.

Kisha akakanyaga msumari, na kidonda kikakataa kupona. Hospitali walikuta kisukari cha siku nyingi. Mguu ulikatwa chini ya goti.

Nilipostaafu nilipata muda wa kusoma. Wataalamu wanaeleza kwamba uvimbe unaodumu unaweza kuufanya mwili usiitikie insulini ipasavyo, na sukari ikizidi, nayo huuchochea uvimbe. Siwezi kusema fizi ndizo zilizompa kaka kisukari. Ninachoweza kusema ni kwamba mrija ungesimama saa nzima, ningeupima mkojo wake, na tungeanza matibabu mguu ukiwa mzima.

Nilikwenda kumweleza. Alikuwa ameketi kwenye kitanda alichokichonga mwenyewe.

"Kwa hiyo ulikuwa unakisia?"

"Ndiyo, kaka."

"Miaka yote ile?"

"Yote."

Akageukia ukutani.

Aliishi miaka mingine sita. Kila Ijumaa nilikwenda, nikasimama mlangoni, nikasema shikamoo. Hakuniitikia hata mara moja, mpaka tulipomzika.