Nguzo za Bwawa Tulizowapa Mbuzi

Mwanangu, unisamehe mwandiko huu. Shule niliachia darasa la saba, na mkono wangu ukishika kalamu hutembea kama kinyonga. Ukikuta neno limekosa herufi, liongezee mwenyewe, kisha uendelee kusoma.

Nakumbuka siku moja ya kiangazi kule kwetu Kanja, nikiwa kijana wa aibu nyingi. Kaka yangu Njeru alikuwa ametoka kazi ya hoteli mjini, akarudi na wazo la bwawa la kuogelea. Tulilichimba pamoja nyuma ya nyumba, kando ya njia ambayo majirani hupitia kwenda mtoni.

"Njeru, utafuga samaki ama wazungu?" alituuliza jirani yetu, Mama Wawira, mtungi mgongoni.

"Nitakufuga wewe, uogelee na huo mtungi!" Njeru akamjibu, nao wakacheka.

Bwana Afya, mkaguzi wa serikali, alikuja kukagua kabla ya kutoa kibali. Alizunguka shimo, akasema, "Nguzo na waya pande zote, kimo cha kifua cha mtu mzima. Lango lijifunge lenyewe, na komeo liwe juu, mtoto asilifikie. Msitie maji kabla sijarudi."

Tukakata mikaratusi, nguzo zikawa tayari. Ndipo akaja cucu, mama ya baba yetu, na fimbo yake.

"Mnazungushia maji waya? Tangu lini mtu wa hapa akamfungia jirani maji? Baba yenu alikufa bila kumnyima mtu hata kikombe."

"Cucu, ni sheria ya serikali," Njeru alisema.

"Serikali haiishi na Mama Wawira. Ni sisi tunaishi naye."

Kwetu, mwanangu, mzee akisema hivyo mambo yamekwisha. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na sisi tulisikia. Nguzo zile tukajengea zizi la mbuzi. Njeru naye, kwa haraka ya kualika wageni, akafungulia maji.

Wawira alikuwa mtoto wa miaka mitatu hivi, kivuli cha mama yake. Asubuhi moja mama alipita kwenda mtoni, akiamini amemwacha na dada yake. Kumbe mtoto alikuwa anafuata nyuma. Hatukusikia kilio chochote isipokuwa cha mbuzi, waliokuwa salama ndani ya nguzo zao. Njeru ndiye aliyemtoa majini. Tulimkimbiza zahanati, lakini hakuamka.

Baada ya mazishi nilimkuta cucu ameketi ukingoni mwa bwawa. Nikaketi naye.

"Mto una sauti," akaniambia. "Mtoto huusikia akiwa mbali, akaogopa, akamngoja mama yake. Maji haya yamenyamaza. Mimi niliwafundisha mambo ya mto, mjukuu wangu. Hili si mto."

Kisha akasema, "Ng'oeni zizi."

Watu husema majuto ni mjukuu. Kwetu yalimjia bibi, akaishi nayo mpaka alipozikwa.

Bwana Afya aliporudi alikuta nguzo zile zimesimama kuzunguka bwawa, na waya na lango. Alifungua lango, akaliachilia, likajifunga. Akaandika kwenye daftari lake, akaenda zake. Heri angetutukana. Hakuna mtu aliyeogelea humo tena. Maji yale tulimwagilia sukuma wiki. Lakini lango tuliliacha, na kila lilipojifunga, Mama Wawira akiwa njiani alisimama kidogo, ndipo akaendelea. Hakututania tena.

Mwanangu, mila ya kutonyima maji ni nzuri, usiitupe. Mwekee jirani bomba nje ya ua, achote apendavyo. Lakini bwawa ulizungushie ua kwanza, maji yafuate, na mkaguzi akisema ngoja, ngoja. Na mzee akikataza, usimvunjie heshima. Keti naye, mweleze mara ya pili na ya tatu kwa upole. Cucu alikuwa na masikio. Sisi tulimweleza mara moja tu, tukanyamaza, tukaiita hiyo adabu.

Mungu akupe maji yasiyokauka, na watoto wa kuyanywa.

Nami nakuomba, ukimaliza kusoma niandikie, hata mistari miwili. Niambie kama kwenu kuna bwawa, na kama lango lake hujifunga lenyewe.