Fumbo Lililonivusha Pazia

Mimi ni fundi wa viti pale Kawangware, na ugonjwa wangu ni mafumbo ya magazeti. Nikiona moja halijajazwa, mkono unaniwasha.

Jumapili iliyopita nilienda Kianda kujitambulisha kwa wazazi wa Roda, mchumba wangu. Wanaishi chumba kimoja, kitanda kiko nyuma ya pazia, na kuta zote zimebandikwa magazeti.

"Kaa hapo, baba anakuja na wazee," Roda akaniambia, akatoka kupika chai.

Ole wangu! Fumbo lilikuwa ukutani, mbele ya pua yangu. Kila jibu lilitoa herufi moja, na herufi zote nane zikiunganishwa zinatoa neno la mwisho. Nikatoa penseli ya kazi, nikapata sita bila jasho. Mawili yaliyobaki yalikuwa upande wa pili wa pazia, ukurasa ulikopitiliza.

Sisi watu wa mkoa wa Magharibi, mkwe kukiona tu kitanda cha mama mkwe ni mwiko. Nilijua. Nikajiambia nitaingiza kichwa peke yake. Lakini maandishi yalikuwa madogo, tena karibu na mto, basi nikavua viatu kwa heshima, nikapanda kwa magoti.

Kidokezo cha neno la mwisho kilisema: "Mgeni hafiki hapa." Nikaunganisha herufi, nikapiga kelele kwa furaha:

"Chumbani!"

Pazia likafunguka. Baba mkwe alikuwa amesimama na wazee watatu, kofia mkononi.

"Umepata, mkwe," akasema taratibu. "Sasa toka kitandani kwa mama yako."